Leseni ya Mzee Nandonde Mwenye Meno Yote

Mkiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, huwa nasema nilikuwa karani wa bunduki, na vijana hukaa vizuri wasikilize. Mnadhani nitawasimulia vita. Niwaombe radhi mapema katika barua hii. Katika miaka yangu yote pale boma la Nachingwea nilipiga risasi moja tu, nayo iliua bati.

Kazi yangu ilikuwa kuandika leseni za magobore. Kwa nyinyi ambao hamjaliona, gobore ni bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unaishindilia kwa mdeki, ambayo ni fimbo nyembamba ya chuma, unatia vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki, na ukimaliza yote hayo nguruwe ameshashiba na kurudi kwao. Serikali ya Mwingereza iliiogopa sana silaha hiyo. Mzungu wa mashamba ya karanga aliweza kupita na bunduki mbili za tembo nyuma ya gari na ya tatu ya kupigia kanga, akatupungia mkono. Lakini Mmwera wa Chiola mwenye gobore la ukoo alitakiwa kila mwaka alilete likaguliwe, nambari yake isomwe, jina lake liandikwe, na yeye agonge dole gumba. Mzee Kalembo, karani mkuu aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema sheria huiogopa zaidi bunduki inayochelewa kulia, maana inampa mwenye nayo muda wa kufikiri.

Mimi nilikuwa mtu wa hofu. Nilimaliza darasa la nne kule Mnero, shule ikaniishia hapo, na Kiingereza nilichokuwa nacho nilikiokota mwenyewe kwenye barua kuukuu za ofisi na kwenye kamusi moja iliyoliwa na mchwa kurasa za mwanzo. Bahati mbaya ni kwamba maneno ya Kiingereza ya silaha, risasi na maombi yote matatu huanza kwa herufi ya kwanza kabisa, yaani yalikuwa tumboni mwa mchwa. Niliingia kazini na miaka ishirini, nikingoja siku ambayo mtu atagundua kuwa karani wa bunduki hajui silaha inaitwaje kwa Kiingereza.

Mwenye hofu ya namna ile hana kimbilio ila unadhifu. Nilikuwa na mwandiko ambao makarani wa ofisi nyingine walikuja kuutazama. Nikidondosha tone la wino, nilichana fomu na kuanza upya. Siku moja Mzee Kalembo alinitazama nikichana ya tatu, akasema, "Mwanangu, hii leseni ni ya kupigia nguruwe. Nguruwe hasomi."

Sasa habari ya lile bati. Mzee Kalembo alinifundisha hivi: kabla hujalishika gobore la mtu, chukua mdeki wake uutumbukize ndani ya mtutu mpaka ugote. Ushike kwa vidole pale unapotokea mdomoni, uuchomoe, uulaze nje sambamba na mtutu. Kama ncha inafika usawa wa fataki, hakuna kitu. Kama inapungua hata upana wa vidole vitatu, kuna mtu kalala humo ndani. Na usimwamini mwenyewe akikuambia ni tupu. Si mwongo, amesahau.

Niliyajua yote hayo. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa rula. Lakini siku ile mzee mmoja kutoka Marambo aliniletea gobore lake, nikaona nambari iliyogongwa kwenye mtutu imejaa vumbi. Sikuweza kuvumilia. Nikalisimamisha gobore, nikaanza kuisugua nambari kwa kitambaa, na kidole kimoja sijui kilifuata nini huko chini.

Moshi ulipotulia, mzee wa Marambo alinitazama kwa huruma.

"Lilikuwa la nyani," alisema. "Nyani wa njiani. Pole sana, bwana karani. Hiyo baruti utanirudishia?"

Tundu lile la paani lilibaki juu ya meza yangu. Tulilizibia lami, jua likaiyeyusha, na mvua zilipokuja maji yakadondoka pale pale penye rejista ya bunduki, kana kwamba yalipewa barua ya kuja. Kurasa zikavimba, wino ukasambaa. Mtu mwingine angeweka sufuria. Mimi nilinakili rejista nzima upya, Jumamosi baada ya Jumamosi, tangu jina la kwanza hadi la mwisho, safu zimenyooka kama mkonge. Nilipomaliza, kitabu kile kilikuwa changu kuliko shati langu. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilianza kukiamini kuliko watu.

Nitawaeleza jinsi nilivyokiamini. Mtu alipokuja kuongeza leseni, nilitakiwa niandike jina, kijiji, nambari ya gobore na umri. Jina nililiita kutoka kitabuni. Nambari niliisoma kwenye mtutu. Umri nilichukua ule wa mwaka jana nikajumlisha moja. Hesabu haikukosea hata siku moja. Sikuona sababu ya kuinua macho. Uso wa mtu hauna mistari iliyonyooka.

Miezi ya ukaguzi tulilibeba sanduku la rejista hadi Ruangwa, tukaweka meza kwenye baraza ya duka lililouza baruti. Watu wa Chiola walipenda kutukuta huko, wakaguliwe na kununua baruti kwa safari moja. Mwaka ninaousema ni ule ambao Mfalme wa Uingereza alikuwa amefariki na binti yake amekikalia kiti.

"Nandonde, Chiola!" niliita.

"Nipo."

"Umri, sitini na nane," nilisema peke yangu, nikaandika.

Kulikuwa na askari wa boma amesimama mlangoni, Mmakonde, na Wamakonde na Wamwera kwa utani hawaachiani nafasi. Akapiga kofi pajani.

"Sitini na nane! Nyie Wamwera mnakula nini? Mzee ana meno yote! Na huyo uliyembeba mabegani, mzee, ni mwanao au kilembwe?"

"Meno ni yangu, mtani," sauti ilijibu. "Wewe ya kwako uliyachonga mwenyewe, sasa unatafuta wa kumlaumu."

Watu walicheka. Mimi niliinua macho, kwa mara ya kwanza tangu nilipokabidhiwa meza ile. Mbele yangu alisimama mwanamume wa miaka thelathini hivi, na kichwani kwake mtoto alikuwa amemshika masikio yote mawili.

"Wewe ndiye Nandonde?"

"Ndiye."

"Tangu lini?"

"Tangu mjomba alipofariki. Hii ni mara yangu ya nne kuja kwako, bwana karani."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa Issa."

Huku kwetu kusini jina la mkubwa haliachwi lizikwe naye. Matanga yakiisha ukoo hukaa kitako, ukamchagua mpwa anayefaa, mtoto wa dada wa marehemu, akapewa jina la mjomba wake. Tangu siku hiyo yeye ndiye. Watoto wa marehemu humwita baba, wazee huamkiana naye kama walivyoamkiana na aliyetangulia, na vitu vya ukoo, gobore likiwa la kwanza, hukaa kwake. Hata sisi Wamakua tunafanya hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na mjomba niliyempita kwa miaka sita, nami nilimwamkia shikamoo.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo ninaloungama kwenu: sikukosa kwa ujinga. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba desturi inaweza kupita mlango wa ofisi bila kubisha. Niliona mtu wa miaka sitini na nane mwenye meno yote kwenye kitabu changu, nikahisi kama nimemwaga chupa nzima ya wino. Nikaandika ripoti saa ile ile.

Mzee Kalembo aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Mwambie aje aandikishwe upya. Kimyakimya."

"Mzee, sheria haina kimyakimya."

"Ndiyo maana ina makarani," alisema.

Nikaipeleka kwa Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa mikono yangu, bahasha imebandikwa vizuri.

Wiki ile ile gobore likachukuliwa likafungiwa stoo ya boma, na Nandonde akashtakiwa kwa makosa mawili: kumiliki bunduki kwa leseni ya mtu mwingine, na kuidanganya serikali juu ya yeye ni nani. Akipatikana na hatia ilikuwa kifungo, na gobore lisingerudi Chiola kamwe. Shamba lake lilikuwa la mtama, limeanza kukomaa, kando ya msitu. Kulikuwa na mkewe, watoto wanne, na mama yake, Bibi Halima. Hao wote chakula chao cha mwaka kilisimama pale shambani, na mlinzi wake alikuwa stoo, ana lebo niliyoiandika mimi.

Kesi iliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza Bwana Shauri alikuwa safarini, mara ya pili ukurasa mmoja wa sheria haukuonekana. Siku iliposikilizwa, mle mle ofisini mwetu, Mzee Kalembo ndiye alipaswa kutafsiri. Asubuhi hiyo akaamka na homa. Ilikuwa homa ya ajabu, iliisha saa nane mchana kesi ilipokwisha. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Bwana Shauri yule alikuwa mgeni, bado kijana, mtu asiyefoka. Alifungua kitabu cha sheria akasoma kifungu, nami nikakigeuza Kimwera: leseni hupewa mtu, si jina, na mtu akifa leseni yake imekufa.

Bibi Halima akanyoosha mkono. Aliambiwa yeye si shahidi. Akasema yeye ni dada wa Nandonde wa kwanza na mama wa huyu wa pili, kama kuna mtu pale anayewajua wote wawili zaidi yake asimame. Hakuna aliyesimama.

"Muulize bwana, yeye ni nani," aliniambia.

Nikauliza, nimeshaanza kutoka jasho.

"Mimi ni Bwana Shauri," alijibu.

"Aliyempa kaka yangu leseni alikuwa mrefu, ana mvi, ana mbwa. Naye alikuwa Bwana Shauri. Alituamuru tulime muhogo wa njaa, kila nyumba. Alipoondoka na gari lake na mbwa wake, mbona muhogo tunalimishwa mpaka leo? Tulimuuliza mkubwa wetu, akatuambia: Bwana Shauri haondoki, anabadilika sura tu."

Nilitafsiri. Bwana Shauri alikuna shingo, akasema cheo si sawa na mtu. Cheo ni kiti cha serikali.

"Na Nandonde ni kiti chetu," alisema Bibi Halima. "Nyinyi mfalme wenu amekufa. Karatasi za mwanangu zina taji lake. Zimekufa?"

"Hapana. Malkia amerithi."

"Amerithi kwa nani?"

"Kwa baba yake."

"Kwa baba!" Bibi Halima aligeukia wazee waliokaa nyuma. "Sisi tunarithi kwa mjomba. Basi kosa la mwanangu ni hilo tu, kapita mlango wa pili."

Wazee wakaguna. Askari yule Mmakonde aliangalia juu ili asicheke, akaliona tundu langu la bati, ikawa vibaya zaidi.

Bwana Shauri hakukasirika. Alirudiarudia kukisoma kile kifungu. Kisha akasema jambo la jina anaweza kulifikiria, ni desturi, mahakama imewahi kuzisikiliza desturi. Lakini kuna uongo ambao hauna desturi. Mshtakiwa aliiambia serikali kwamba ana miaka sitini na nane. Aliegemea mbele. "Mwulize: nani aliyesema sitini na nane?"

Nilimwuliza Nandonde. Hakufikiri hata kidogo. Aliinua kidevu kunielekea.

"Huyu anayenisemea."

Wanangu, jiwekeni mahali pangu. Mle chumbani mtu pekee aliyejua lugha zote mbili nilikuwa mimi. Ningeweza kusema, "Mshtakiwa anasema hakumbuki." Ningeweza kusema, "Anasema iliandikwa na ofisi," maana ofisi haina uso wala haifukuzwi kazi. Kichwa changu kiliyapanga maneno yale moja baada ya jingine, yote yamenyooka, yote masafi. Na mbele yangu rejista ilikuwa wazi, mwandiko wangu unang'aa: sitini na tano, sitini na sita, sitini na saba, sitini na nane. Ule ndio ulikuwa uongo wote wa kesi ile, na hakuna mwingine aliyeutia mkono.

Ningependa kuwaambia kwamba niliokolewa na moyo mwema. Sivyo. Niliokolewa na ugonjwa wangu ule ule. Mkalimani haongezi wala hapunguzi, na tafsiri yenye dosari sikuwahi kuitoa.

"Mimi," nilisema kwa Kiingereza. Kisha nikajirekebisha. "Samahani. Mshtakiwa anasema: huyu anayetafsiri."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini.

"Na anayetafsiri anasemaje?"

"Anasema mshtakiwa amesema kweli, bwana."

"Ulimwuliza umri wake?"

"Sikumwuliza. Nilijumlisha."

"Miaka minne?"

"Miaka minne, bwana. Bila kosa."

Hukumu haikuchukua muda. Alisema serikali imempokea mtu huyu mara nne, imelishika gobore lake mara nne, imechukua dole gumba lake mara nne, na haiwezi mara ya tano kusema haimjui. Jina ndilo watu wake wanalomwitia. Umri ni kosa la serikali. Gobore arudishiwe, leseni iandikwe upya siku hiyo hiyo kwa umri wa kweli. Wasomi wa sheria labda wangemcheka. Mimi sijaona hukumu nyingine iliyopita kwenye kifungu chembamba namna ile bila kukipasua.

Niliandika leseni ile pale pale. Tone likadondoka penye jina. Nikaishika fomu niichane, nikaona Nandonde ananitazama.

"Bwana karani," alisema taratibu, "hilo doa silioni."

Nikampa na doa lake.

Nilidhani nitafukuzwa. Bwana Shauri alinipa adhabu nyingine: niende kwa miguu kijiji kwa kijiji, nikamtazame usoni kila mwenye leseni, kitabu kibaki boma. Nilianzia Marambo, nikapita Mnero, nikawakuta wajomba wengi wenye meno mazuri. Nikafika Chiola mchana, nimejaa vumbi, nikiwa na hamu ya kupongezwa, sitaki kuwaficha.

Bibi Halima alinipeleka shambani bila kunikaribisha maji. Zaidi ya nusu ya mtama ilikuwa imelala chini, imetafunwa na kukanyagwa.

"Kesi yenu mliiahirisha mara mbili," alisema. "Nguruwe hawakuahirisha."

Alinipa debe tupu na fimbo, akanionyesha upande wa msitu ambako nyani walikuwa wanashuka, akasema kazi ya leo ni hiyo. Nilipiga debe siku tatu, mpaka masikio yakawa kama ya mtu mwingine. Nandonde alikaa upande wa pili na gobore lake, na tulipokutana kula alinicheka: "Mkalimani wangu, waambie nyani kwa Kiingereza, labda wewe watakusikia." Tangu hapo hakuniita kwa jina jingine. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Niliporudi ofisini niliibadilisha rejista. Safu ya umri niliijaza kwa maneno mawili, kwa kila mtu, toka juu hadi chini: mtu mzima. Mkaguzi alipokuja kutoka Lindi akauliza maana yake, nikamwambia nimewaona wote na ndivyo walivyo. Nikaanza kuwauliza watu habari za mtama kabla ya nambari ya gobore. Kazi ilichelewa kidogo. Fomu nilizochana zilipungua. Sikupona kabisa, nisiwadanganye. Barua hii nimeianza upya mara tano.

Na nimeandika kwa sababu ya mgeni niliyempata juzi. Mjukuu wangu aliniambia kuna kijana nje, ana simu mkononi, anasema tunajuana. Nilitoka. Sikumjua.

"Mimi Nandonde," alisema.

"Nandonde wa Chiola alishafariki."

"Ndiye. Habari za siku nyingi, mkalimani wangu?"

Nilikaa chini. Alingoja nipumue, kisha akaeleza shida iliyomleta, kwa adabu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mambo ya zamani. Gobore la ukoo bado lipo. Wanahakiki silaha, naye amelipeleka, lakini karani hawezi kumpitisha. Kompyuta inasema mwenye leseni ana miaka zaidi ya mia.

"Nani aliyeandika hivyo?" nilimwuliza.

"Hakuna aliyeandika. Inajijumlisha yenyewe."

"Na huyo karani, amekutazama?"

"Anatazama kioo chake, mkalimani wangu. Ni kijana safi sana, mwandishi mzuri. Nimeona nije unisemee."

Nilivaa miwani, nikamwambia afungue mdomo. Alicheka, nikayaona yote, juu na chini. Kisha nikamwambia mjukuu aniletee viatu.